Nyumba Isiyo na Mlango wa Kutokea: Familia katika Hadithi za Vampaya

Mzazi anapomkuta binti yake wa kidato cha tatu amejifunika shuka usiku, anatazama kwenye simu watu weupe wenye meno marefu na midomo yenye damu, jambo la kwanza linalomjia ni kumleta kwa mchungaji aombewe. Tumewapokea wazazi wa namna hiyo. Tumewaombea watoto wao, kwa kuwa maombi hayamdhuru mtu, na baada ya kusema Amina tumewauliza watoto wanatazama nini hasa, na wanapenda nini humo. Majibu yao yanafanana kiasi cha kustahili kuandikwa. Hawaanzi na damu, wala meno, wala giza. Wanaanza na familia. Wanataja nyumba ya akina Cullen iliyoko msituni. Wanataja ndugu wa ukoo wa Mikaelson walioapa kutoachana milele. Wanamtaja mtoto Claudia wa New Orleans, ambaye hakuwa na mtu hata akapata wa kumlea.

Mtoto aliyelelewa na bibi tangu mama yake alipokwenda mjini kutafuta maisha, au kijana anayekaa geto peke yake huku akisubiri ajira mwaka wa tatu, anazitazama hadithi hizi kwa macho mengine. Yeye haoni wanyonya damu. Anaona meza yenye viti vya kutosha.

Kwa sababu hiyo tumeona si haki kuzihukumu hadithi hizi kwa jalada lake. Tumezisoma, na makala haya ni maoni yetu juu ya chache kati yake, kwa ajili ya washarika ambao huzisikia tu kupitia kwa watoto wao. Hatutashughulika na swali la mapepo. Linajadiliwa vya kutosha, na tena kwa sauti kubwa. Swali letu ni la mtu yeyote anayeingia kuchumbia: hii ni familia ya namna gani?

Kwetu mnyonya damu si mgeni. Wazee wetu walimwita mumiani. Wakati wa ukoloni, katika miji ya Afrika Mashariki, ilisimuliwa kwamba wazimamoto na watumishi wengine wa serikali walikamata watu usiku na kuwatoa damu, na kwamba ndani ya vituo vya zimamoto kulikuwa na mashimo ya kuwafichia waliokamatwa. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo akazitolea kitabu mwaka 2000, akitaka kujua zinatuambia nini juu ya maisha ya watu waliozisimulia. Sisi tunataka kuonyesha jambo moja dogo tu. Mumiani hana kwao. Katika masimulizi tuliyoyasikia hana mke anayemsubiri wala mtoto anayemwita baba. Ametumwa, yuko kazini, akimaliza anaondoka. Hakuna mtoto wa Kiswahili aliyewahi kutamani achukuliwe na mumiani ili apate nyumba.

Vampaya wa Ulaya naye alianza akiwa mpweke. Bram Stoker, Mprotestanti kutoka Dublin, alichapisha Dracula mwaka 1897. Mwanasheria kijana anafika ngomeni kwa bwana mkubwa, anakaribishwa chakula kizuri, halafu taratibu anagundua kwamba katika jumba lote lile hakuna mtumishi hata mmoja. Siku moja anamchungulia mwenyeji wake akitandika kitanda kwa mikono yake mwenyewe. Mtu ana cheo, ana ardhi, ana karne kadhaa za umri, na hana hata wa kumtandikia. Undugu katika kitabu kile uko upande wa pili, kwa wale wanaomwinda. Binti mmoja anapoishiwa damu, wanaume wanne mmoja baada ya mwingine wanalala kando yake na kumtolea damu yao. (Makundi ya damu yaligunduliwa na Karl Landsteiner miaka michache baadaye, kwa hiyo madaktari wale wa hadithini walikuwa wakimhatarisha mgonjwa wao mara ya pili bila kujua, washarika wetu wauguzi watatusamehe tukitabasamu hapo.) Kitabu kinakwisha kwa mtoto kuzaliwa, naye anabeba majina ya kundi lote. Stoker aliweka mpaka ulio wazi: anayechukua damu hana mtu, na wanaotoa damu wanakuwa ndugu.

Mpaka huo ukaja kuvukwa na mama aliyefiwa.

Anne Rice alizaliwa New Orleans mwaka 1941 katika familia ya Wakatoliki, akaacha kanisa akiwa bado kijana. Mwaka 1972 binti yake Michele alikufa kwa leukemia, saratani ya damu, kabla hajatimiza miaka sita. Mwaka uliofuata mama huyo aliketi akaandika riwaya, nayo ikatoka mwaka 1976 kwa jina Interview with the Vampire. Katikati ya riwaya hiyo yumo mtoto wa miaka mitano ambaye damu inamfanya asife. Mtu asiyeuona msiba hapo hajawahi kukaa matangani.

Anayesimulia ni Louis, mwenye shamba la nili na watumwa karibu na New Orleans mwishoni mwa miaka ya 1700. Ndugu yake, kijana mcha Mungu aliyesema anaona maono, alitaka mali ya familia iuzwe kwa ajili ya kazi ya Mungu. Louis alikataa, wakakosana, na mara ndugu yule akaanguka ngazini akafa. Tangu siku hiyo Louis anatamani kufa. Ndipo anapomjia Lestat, vampaya, na kumfanya awe kama yeye: anamnyonya mpaka ukingoni mwa kifo, kisha anampa anywe kutoka mkononi mwake.

Hesabu hiyo inafaa kuangaliwa kwa makini, maana kwa nje inafanana na ukarimu. Lestat anampa Louis damu, ni kweli, lakini amekwisha kumnyang'anya yake. Babu zetu walikuwa na undugu wa kuchanjiana. Watu wawili walichanjwa, kila mmoja akaonja damu ya mwenzake, na kule Buhaya damu ilipakwa kwenye punje ya kahawa ikatafunwa. Ilifanyika mbele ya mashahidi, na kiapo kiliwabana wote wawili sawasawa: ukimsaliti ndugu yako, kiapo kitakula wewe. Wamisionari hawakuupenda undugu ule, na huenda walikuwa na sababu zao, lakini ulikuwa agano. Lestat hana shahidi na hafungwi na lolote.

Sasa Louis anataka kuondoka. Hapo Lestat anafanya tendo ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha riwaya nzima. Kuna mtoto yatima ambaye Louis alimkuta katika mtaa uliopigwa na tauni, akilia kando ya maiti ya mama yake. Lestat anamchukua mtoto huyo, anamgeuza vampaya, na kumtangazia Louis kwamba sasa wao ni wazazi wa binti. Louis habanduki tena. Anampenda mtoto kweli, na kwa sababu anampenda, amenaswa. Mtoto amefanywa kamba.

Wanaishi pamoja zaidi ya miaka sitini. Wanamvika nguo nzuri, wanamjazia wanasesere, wanamfundisha. Kwa nje ni nyumba yenye furaha. Lakini akili ya Claudia inakua na mwili haukui. Anafikia umri wa kuwa bibi akiwa bado na mikono minene ya mtoto mdogo, na siku anapoanza kuuliza ni nani aliyemfanya hivi, nyumba ile imekwisha. Anajaribu kumwua Lestat. Baadaye, huko Paris, akihofia kwamba Louis atamwacha, anamlazimisha amgeuze vampaya mwanamke mmoja aitwaye Madeleine awe mama yake. Madeleine ni fundi wa wanasesere aliyefiwa na binti, na kila mwanasesere anayemtengeneza ana sura ya marehemu. Kwa hiyo mtoto aliyefanywa kamba anajifunza kusokota kamba. Muda si mrefu wote wawili, Claudia na Madeleine, wanaachwa mahali penye jua mpaka wanakuwa majivu.

Tunamsifu Rice kwa sababu moja iliyo kubwa kuliko ufundi wake. Mama aliyefiwa angeweza kabisa kujiandikia mtoto asiyekufa na kubaki naye mpaka ukurasa wa mwisho, nani angemlaumu? Rice alimwandika mtoto huyo, kisha akafuata ukweli hadi ulikomfikisha. Mtoto ambaye wakubwa wamemzuia asife kwa sababu ya hofu yao wenyewe, wamemzuia pia asikue, naye atawachukia hata kama waliomzuia walimpenda. Tumezika watoto wadogo. Tunajua jinsi mzazi anavyokishika kipande cha nguo asitake kukiachia. Hatujasoma mahali pengi ambapo mzazi wa namna hiyo amejisemea mwenyewe ukweli mgumu kiasi hiki.

Kuna ukurasa mwingine ambao wachungaji wangeusoma taratibu. Louis anaingia kanisani usiku, anaomba kuungama, na anaungama kweli: ameua watu kwa miaka mingi, usiku baada ya usiku. Kasisi anadhani anadhihakiwa. Anakasirika. Louis, aliyekuja na kweli yote aliyo nayo, anamwua kasisi huyo karibu na madhabahu. Tukio ni la kutisha, na hatumwondolei Louis hatia yake. Ila mtu alibisha hodi akiwa na dhambi isiyoaminika, na aliyekuwa ndani hakuwa na mahali pa kuiweka. Rice mwenyewe alirudi kanisani mwaka 1998, akaandika riwaya juu ya utoto wa Yesu, kisha mwaka 2010 akatangaza kwamba anaondoka tena katika Ukristo ingawa hamwachi Kristo. Alifariki mwaka 2021. Sisi si waamuzi wake.

Wasichana wetu, hata hivyo, wanamfahamu zaidi Stephenie Meyer. Vitabu vyake vinne vya Twilight vilitoka kati ya mwaka 2005 na 2008, vikafanywa filamu, nazo zikafika kwetu, nyingine zikiwa zimetafsiriwa kwa sauti ya mtu mmoja anayeigiza wahusika wote. Hapa vampaya ni familia ya heshima. Baba wa nyumba ni daktari Carlisle Cullen, aliyezaliwa London katika miaka ya 1600, mwana wa mchungaji wa Kianglikana aliyekuwa akiwinda vampaya. Mwana alitumwa kuongoza msako badala ya baba, akaumwa. Alijaribu kujiua, akashindwa, mwishowe akagundua kwamba anaweza kuishi kwa damu ya wanyama. Akasomea udaktari. Mtu ambaye damu ndiyo njaa yake anafanya kazi katika damu kila siku na hagusi. Nyumbani kwake ametundika msalaba wa mbao uliochongwa na baba yake.

Tunakiri kuwa Carlisle anatuvutia. Watoto wake wote ni watu waliotupwa. Edward alikuwa akifa kwa homa ya mwaka 1918 huko Chicago, na mama yake, naye akifa, ndiye aliyemsihi daktari amwokoe. Esme, mke wa Carlisle, alifiwa na mtoto mchanga akajitupa kutoka kwenye jabali. Rosalie aliachwa barabarani akikata roho na mchumba wake mwenyewe na marafiki zake. Alice alitoka katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Wamekusanyika katika nyumba moja, na wanaishi kwa kanuni ngumu ya kutomdhuru binadamu. Mtoto anayesema "natamani kwetu pangekuwa hivyo" ameona kitu halisi. Mtunga Zaburi wa 68 naye anamsifu Mungu kwa kuwapa wapweke mahali pa kukaa.

Lakini Meyer hana ujasiri wa Rice, na hilo ndilo lawama letu. Yumo Rosalie, ambaye ndiye sauti ya kweli katika nyumba ile. Hakuulizwa. Carlisle alimwokoa kwa huruma, na pia kwa kutumaini kwamba atamfaa Edward, na yeye tangu hapo anaomboleza watoto asiowazaa na uzee asiouona. Hadithi inamsikiliza kwa sura moja, kisha inamweka pembeni. Katika kitabu cha nne Bella, msichana anayependana na Edward, anapewa kila kitu: mume, ujana wa milele, mtoto, wazazi wake bado wapo, hata hamu ya damu ambayo inawatesa wengine kwa miaka yeye anaimudu mara moja. Mtoto wake naye anakua upesi mpaka utu uzima kwa miaka kama saba, halafu anasimama hapo, hafi. Hakuna anayeaga. Msalaba umetundikwa ukutani, lakini hadithi yenyewe haina wa kuubeba.

Meyer ni mshiriki wa kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanaojulikana zaidi kama Wamormoni, ambao hufundisha kwamba ndoa na familia zaweza kufungwa hata milele. Si nia yetu kuwadharau, maana ni wachache kati yetu wasiotamani jambo hilo mbele ya jeneza. Ila Bwana wetu alipoulizwa na Masadukayo juu ya mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, alijibu kwamba katika ufufuo hawaoi wala hawaolewi, na kwamba Mungu ni Mungu wa walio hai. Jibu hilo huwaumiza wajane wengi tunaowahubiria. Linasema kwamba tumaini letu halipo katika kuishikilia familia isivunjike. Lipo mikononi mwa Yeye atakayetuita kwa majina siku ile, kila mmoja kwa jina lake.

Na hao ndugu wa Mikaelson, ambao kiapo chao cha "milele" vijana wamekiandika hadi kwenye picha zao za simu? Kaka yao Klaus ana desturi moja. Ndugu akimchukiza au akitaka kwenda zake, humchoma kwa kisu cha pekee kinachomlaza kama maiti, humtia ndani ya jeneza, na husafiri na majeneza hayo mji hata mji. Familia haijaachana, ni kweli.

Kitabu cha mwisho tutakachokitaja kinatoka Uswidi, nchi iliyotuletea wamisionari wa Kilutheri ambao majina yao bado yako kwenye mawe ya msingi ya baadhi ya makanisa yetu. Ni Låt den rätte komma in cha John Ajvide Lindqvist, cha mwaka 2004, kilichofanywa filamu mwaka 2008. Mambo yanatokea mwaka 1981 katika kitongoji cha Stockholm kiitwacho Blackeberg, na mapema kabisa mwandishi anatuambia kwamba kitongoji hicho ni kipya mno, kina wakazi elfu tisa na hakina kanisa. Mlutheri akisoma hapo lazima asimame kidogo. Oskar ana miaka kumi na miwili. Wenzake shuleni wanampiga na kumdhalilisha kila siku. Baba na mama wameachana, na baba akianza kunywa hageuki kuwa mtu wa kukaa naye. Jirani anahamia Eli, anayeonekana kuwa mtoto wa umri ule ule, ambaye hasikii baridi. Wanajifunza kugongeana ukutani kwa alama, kila mmoja akiwa chumbani kwake.

Vampaya, kwa desturi ya hadithi hizi tangu zamani, hawezi kuingia nyumbani mwa mtu asipokaribishwa. Msomaji wa Kiswahili analielewa hilo upesi kuliko Mzungu. Hodi mara tatu, usipojibiwa unarudi ulikotoka. Siku moja Oskar, kwa ukaidi, anakataa kusema neno la kukaribisha ili aone kitatokea nini. Eli anaingia hivyo hivyo, na damu inaanza kumtoka mwilini kote, mpaka Oskar anapiga kelele kwamba karibu, karibu ingia. Katika hadithi zote hizi hatujaona picha nzuri kuliko hiyo. Mtu ambaye hakukaribishwa anavuja damu. Wako wanaovuja hivyo katika mabenchi ya nyuma.

Hata hivyo tusidanganywe na uzuri wake. Eli alikuja na mtu mzima, Håkan, mwenye tamaa chafu, anayemwulia watu ili apate damu, na huyo anaishia vibaya. Mwisho wa kitabu waonevu wa Oskar wanauawa, naye Oskar yuko ndani ya treni na sanduku kubwa ambalo Eli amejificha ndani yake. Anatabasamu. Amepata mtu wa kwake. Wasomaji wengi wanauliza kama baada ya miaka thelathini yeye ndiye atakayekuwa Håkan.

Tukiziweka hadithi hizi pamoja, kinachojitokeza ni hiki: zote zimefikiri sana juu ya mlango wa kuingilia. Kuna hodi, kuna karibu, kuna damu ya kupokelea. Mlango wa kutokea haumo. Louis anataka kwenda, anapewa mtoto wa kumfunga. Rosalie angependa kurudi alikotoka, hakuna njia. Oskar amepanda treni ambayo hatuoni kituo chake cha kushukia.

Sisi nasi tunakunywa damu. Tusikimbie neno hilo, maana wapagani wa karne za kwanza waliwashitaki Wakristo kwa kula watu, na Luther hakutaka tuilainishe Meza ya Bwana iwe kumbukumbu tu. Katika Yohana 6 Yesu anasema kwa maneno magumu kwamba asiyekula mwili wake na kuinywa damu yake hana uzima, na wengi wa wanafunzi wake wanageuka na kuondoka. Hawazuii. Hatumi mtu kuwatishia laana. Anawageukia wale kumi na wawili na kuwauliza kama wao nao wanataka kwenda zao. Lestat asingeuliza swali hilo hata kwa miaka elfu. Na pale msalabani, damu ikimtoka, Bwana anamwona mama yake na mwanafunzi aliyempenda, anampa huyu awe mama na yule awe mwana, na tangu saa ile mwanafunzi anamchukua nyumbani kwake. Ni familia iliyofanywa kwa damu, na mwenye damu hakuwafanya familia ili wasimwache. Aliwapa wao kwa wao akiwa anakwenda.

Hapo ndipo tunapowaomba washarika watazame nyumba yetu wenyewe. Tunaingiza watu vizuri. Mtoto anabatizwa, wasimamizi wa ubatizo wanaahidi, picha zinapigwa. Miaka kumi na minne baadaye, siku ya kipaimara, wasimamizi wengi hawawezi kumtambua katika mstari. Msharika mgeni anapewa namba ya bahasha, na pale ambapo sadaka yake inajulikana kwa namba, jina lake linaweza kukaa miaka mitatu bila kutajwa na mtu. Tunasema vijana ni kanisa la kesho, na kesho hiyo haifiki. Zipo Kwaya za Vijana ambazo wanakwaya wake wana wajukuu, na halmashauri za usharika ambamo mtu wa miaka thelathini na tano anaambiwa asubiri akue. Claudia angetuelewa.

Na mlango wa kutokea? Ziko huduma ambazo mtu akitaka kuondoka huambiwa atapatwa na ajali. Katika Kilutheri hatusemi hivyo, lakini mtu anayekuja kuomba barua ya uhamisho katika sharika nyingi anaiona sura ya mzee wa kanisa ikibadilika. Binti aliyepata mimba kabla ya ndoa anatengwa, na siku ya kurudi kundini anasimamishwa mbele ya ibada nzima, ilhali mwenzake aliyempa mimba anaimba besi. Katika Luka 15 mwana anayerudi anamkuta baba akikimbia kumlaki. Huyu wetu anakuta kamati. Tena baba yule, tusisahau, ndiye aliyempa mwana urithi wake na kumwacha aende, hali akijua safari ile inaelekea wapi.

Wazazi watatuuliza wafanye nini na ile simu chini ya shuka. Riwaya ya Rice ni ya watu wazima, na ya Lindqvist ina mambo ambayo hatungempa mtoto wa kipaimara ayasome. Tungependa wazee wa kanisa na walimu wa Shule ya Jumapili wazisome. Twilight wasichana wamekwisha kuitazama, wengine zaidi ya mara moja, na kuikataza sasa ni kufunga zizi ng'ombe akiwa sokoni. Kaeni nao muitazame. Chai iwepo. Msiseme neno juu ya mapepo mpaka iishe, kisha waulizeni habari za Rosalie: anakosa nini, kwa nini ana hasira, na kama kuna mtu yeyote katika nyumba ile nzuri aliyewahi kumwuliza anataka kukaa au kwenda. Halafu nyamazeni, maana binti akianza kujibu, huenda asiwe anazungumza tena juu ya filamu.